Kufungua Sanduku la Gia Nyumbani

Hapa petu Buha watu wengi hupanda magari, na wengine huyaendesha, lakini ni wachache waliopata kuona yaliyomo ndani ya sanduku la gia. Mtu huona mkono wa gia ukisukumwa mbele au ukivutwa nyuma, gari likaongeza mwendo au likapata nguvu za kupanda mlima, wala haulizi zaidi. Sanduku lenyewe ni chuma kilichofungwa pande zote, halina dirisha. Na kwa kuwa ndani yake hapaonekani, watu huliogopa. Likiharibika husema, "Giaboksi imekufa," kama wasemavyo habari za mtu. Kisha hutafuta jingine, au huliuza gari zima kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi tulivyofungua sanduku moja la namna hiyo nyumbani, hapa Kasanda, kwa vyombo vichache, na mambo tuliyoyaona humo. Nadhani yamo mafundisho yamfaayo hata mtu asiye na gari.

Kasanda ni kata moja katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Hapo kwanza ilikuwa katika wilaya ya Kibondo. Tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Kakonko, iliyokatwa kutoka Kibondo. Ni nchi ya vilima na mabonde, na watu wake hulima mahindi, maharagwe, mihogo na migomba, na kufuga. Barabara kuu itokayo Nyakanazi kupita Kakonko na Kibondo kwenda Kasulu ilikuwa ya udongo kwa miaka mingi, na katika miaka hii imekuwa ikitiwa lami. Bali njia ziingiazo vijijini ni za udongo. Mvua zianzapo, kwa desturi mwezi wa Oktoba au Novemba, njia hizo huwa utelezi, na vijito huvimba. Pikipiki hupita kwa shida, lakini mgonjwa asiyeweza kuketi, au mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, hawezi kuchukuliwa kwa pikipiki usiku wa mvua. Kwa hiyo kijiji chenye gari moja la nguvu hulitazama gari lile kama kisima: ni la mtu mmoja, lakini wote hulitegemea.

Gari la kwetu ni la baba yangu mdogo. Ni Land Rover ya Series III, namna iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata 1985, yenye gia nne za kwenda mbele. Alilinunua kuukuu, kwa fedha za ng'ombe na maharagwe. Aliyemwuzia alikwisha kulivusha mtoni wakati wa mafuriko, maji yakaingia katika sanduku la gia, naye akaendelea kuliendesha pasipo kumwaga mafuta yale; akaliuza akisema mafuta ni mapya. Hayo twaliyajua baadaye. Kosa halikuwa la waliolitengeneza gari. Baba mdogo alilitumia miaka miwili, akichukua mazao kwenda sokoni na wagonjwa kwenda Kakonko, na mara nyingine mpaka hospitali ya Kibondo. Kisha likaanza kulia. Kwanza lililia kama mbu, baadaye kama jiwe la kusagia. Na gia ya tatu ikawa yaruka yenyewe, mkono ukirudi katikati bila kuguswa.

Ilipokuwa Septemba, fundi mmoja wa mjini alisema dawa yake ni kununua giaboksi nzima, na bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na ng'ombe wanne. Baba mdogo hakuwa na ng'ombe wanne wa kuuza. Mnunuzi wa chuma chakavu akapita, akalizunguka gari, akataja bei yake, akasema atarudi na lori baada ya siku kumi. Nalimwomba baba mdogo aniruhusu nilifungue sanduku lile kabla siku zile hazijaisha. Akanijibu, "Mwanangu, kilichokufa huzikwa, hakipasuliwi."

Nikamwambia, "Ni kweli, baba, lakini hatujajua kama kimekufa. Tumeambiwa tu."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Siku kumi ni zako. Lakini ujue, ukilifungua likakushinda, yule mtu atatoa nusu ya bei, maana gari lililokwisha kufunguliwa huuzwa kwa kilo." Neno hilo lilikuwa kweli, nami usiku ule sikupata usingizi mwema.

Kabla ya kusimulia kazi yenyewe, yafaa nieleze sanduku la gia ni kitu gani. Injini ya gari haina nguvu nyingi izungukapo polepole. Nguvu zake huja ikizunguka upesi. Magurudumu yataka kuanza polepole sana, na mlimani yataka nguvu kuliko mwendo. Basi lazima pawe na mpatanishi kati ya hao wawili, naye ni sanduku la gia. Kazi yake ni kama biashara ya kubadilishana: hupokea mizunguko mingi yenye nguvu kidogo, likatoa mizunguko michache yenye nguvu nyingi. Haliwezi kutoa vyote viwili pamoja. Tuseme gurudumu la meno 20 lalizungusha gurudumu la meno 40: lile kubwa litazunguka mara moja kila dogo lizungukapo mara mbili, lakini nguvu zake za kusokota zitakuwa mara mbili. Mkulima aliyekwisha kung'oa jiwe shambani kwa mtaimbo hatashangaa. Mkono wake husogea sana ili jiwe lisogee kidogo, na kwa njia hiyo huliinua jiwe asiloweza kulibeba.

Ndani ya sanduku kama la gari letu mna shafti tatu za kutajwa. Ya kwanza ni fupi, nayo hutoka katika klachi. Ya pili iko nyuma yake, zimelala katika mstari mmoja, nayo hupeleka nguvu kuelekea magurudumuni. Ya tatu iko chini ya hizo mbili. Shafti ya kwanza huizungusha ile ya chini sikuzote, na ile ya chini huyazungusha magurudumu ya meno yaliyovikwa juu ya shafti ya pili. Lakini magurudumu hayo hayakushikamana na shafti yao; huzunguka bure kama pete katika kidole chembamba, mpaka dereva asukume mkono wa gia. Hapo foki iliyo ndani husogeza bangili ya chuma, ikalifunga gurudumu moja na shafti, na nguvu zikapita kwa njia hiyo. Katika gia ya nne mambo ni mengine: shafti ya kwanza na ya pili hufungwa pamoja zikawa kama moja, na ile ya chini huzunguka bila kubeba mzigo. Na gia ya kurudi nyuma huongeza gurudumu moja dogo katikati. Maana kila meno yashikanapo mwendo hugeuka, na gurudumu likizidi moja, gari huenda kinyumenyume.

Werevu huu haukuja siku moja. Katika miaka ya 1890 kule Ufaransa, magari ya Panhard et Levassor yalikuwa na magurudumu ya meno yaliyotelezeshwa juu ya shafti mpaka yakaumana, na dereva asiye na ustadi aliyasikia yakisaga. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa magari yenye namna ya kulinganisha mwendo, iliyobuniwa na Earl Thompson. Katika masanduku kama letu kazi hiyo hufanywa na pete ya shaba ambayo mafundi waiita sinkronaiza. Pete huligusa gurudumu kwanza, ikalipunguza au kulihimiza hata lizunguke sawa na shafti. Ndipo meno yaingiane kwa amani. Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, zilikuwa na msaada huo katika gia ya tatu na ya nne tu. Kwa sababu hiyo madereva wazee walizoea kukanyaga klachi mara mbili waliporudi gia ya pili mlimani. Ilipotoka Series III, gia zote nne za mbele zilikuwa nao.

Sasa nirudi kwenye habari yetu. Siku ya pili nalimwendea fundi mmoja mzee, aliyejifunza kazi Kibondo katika miaka ya 1990, wakati magari ya mashirika yaliyowahudumia wakimbizi yalipokuwa mengi huko. Hana karakana; ana kasha la spana na masikio mema. Siku ile hakushika spana hata moja. Aliwasha injini, gari likisimama, mkono wa gia katikati, akasikiliza: mlio ulikuwapo. Akakanyaga klachi: mlio ukakoma. Akaiachia: ukarudi. Kisha twalikwenda mwendo mfupi njiani. Gia ya kwanza ililia, ya pili ililia, ya tatu ilizidi kulia. Alipotia ya nne kukawa kimya. Akazima injini, akasema, "Mwalimu, giaboksi hii haijafa. Inaumwa mahali pamoja."

Nikamwuliza, "Umejuaje, mzee, nawe hujaifungua?"

Akajibu, "Gia tatu zinapita kwa shafti ya chini, nazo zinalia. Ya nne haina mzigo huko, nayo imenyamaza. Basi mwenye kulia ni nani?"

Mzee huyu hakupata shule zaidi ya darasa la nne, lakini sijasikia hoja iliyonyoka kuliko hiyo. Yule fundi wa mjini alilitazama gari akatoa hukumu. Huyu aliliuliza gari maswali, na kila swali alilipanga hata likawa na majibu mawili tu, ndiyo au siyo. Nimefundisha sayansi miaka mingi, na hivyo ndivyo vitabu vyetu vituambiavyo tufanye.

Kazi twaliifanya alasiri baada ya shule, na Jumamosi kutwa. Katika Land Rover ya namna ile sanduku la gia halishushwi chini; hutolewa kwa juu, kupitia mahali pa kuketi. Twaliondoa betri, tukaondoa turubai, milango, viti, kasha la chuma lililo chini ya viti, na mabamba ya sakafu. Bolti nyingi zilikuwa na kutu; twalizipaka mafuta jioni tukaziacha hata kesho yake, na nyingi zikakubali. Kisha tukafungua propela shafti za mbele na nyuma, waya wa spidomita, breki ya mkono, na silinda ya klachi. Chini ya injini tukaweka jeki na vipande vya magogo, kwa maana jeki peke yake si ya kutumainiwa. Tukasimamisha miti mitatu mirefu ya mkaratusi juu ya gari, tukaifunga vichwa kwa kamba, tukaning'iniza mnyororo wa kuinulia tuliouazima kwa jirani. Fundi alikataza mtu ye yote kupitisha hata mkono chini ya mzigo. Sanduku likavutwa nyuma mpaka likaachana na klachi, likainuliwa polepole, na watu wanne wakalitoa kwa mlangoni kama watoavyo mgonjwa.

Mafuta twaliyamwaga katika beseni jeupe, maana fundi alitaka kuyasoma kabla ya kufungua kitu cho chote. Yalikuwa meusi, na chini yakaacha matope ya rangi ya kutu. Alipitisha sumaku, ikatoka na ndevu za vumbi la chuma. Na juu ya beseni vikabaki vichembe vya manjano visivyoshikwa na sumaku. Akasema, "Chuma ni beringi. Shaba ni pete." Hivyo tulikuwa tumekwisha kuambiwa nusu ya habari, na sanduku bado limefungwa.

Hapo yafaa nimtaje kijana wa baba mdogo, ndugu yangu. Alimaliza darasa la saba asichaguliwe kuendelea, na watu wa nyumbani wakawa wakisema ana kichwa kizito. Fundi alitandika shuka kuukuu iliyofuliwa katika chumba kimoja, akampa kijana daftari na kalamu, akamwambia, "Kila nitakachotoa, wewe kiweke kwa mstari, kutoka mlangoni kwenda dirishani, kama kilivyotoka. Andika namba yake, na uandike upande gani ulitazama mbele. Kufungua ni kazi hata ya mwizi. Kufunga ndiko kazi ya fundi." Kijana akafanya hivyo. Palipokuwa na vipande viwili vinavyofanana, alivichora vyote viwili, akaonyesha mkwaruzo mdogo uliovitenga. Mtoto mwingine aliwekwa mlangoni kufukuza kuku. Maana kuku ni adui wa fundi wa nyumbani, humeza kila king'aacho.

Vitu vya kuogopwa ni vile vilivyofungwa kwa kubanwa. Mna vipira vya chuma vinavyosukumwa na springi, ambavyo huizuia gia isiruke. Ukifungua kifuniko chao kwa haraka, huruka kama panzi, na wala huvioni tena. Fundi aliweka kitambaa juu ya kila kifuniko kabla ya kulegeza bolti. Mna na pete za chuma zenye mwanya, zinazobana katika mifereji ya shafti. Nazo aliziondoa chini ya kitambaa, uso ukiwa kando. Penye kuhitaji kugongwa hakugonga chuma kwa nyundo; aliweka kipande cha mti mgumu au cha shaba, kwa maana chuma cha gia ni kigumu juu, na nyundo huweza kukimegua.

Siku ya nne jioni vitu vyote vilikuwa juu ya shuka. Twaliviosha kwa mafuta ya taa, tukatazama meno ya kila gurudumu kwa tochi, moja moja. Hakuna lililovunjika. Beringi ya shafti ya chini tukaikuta imeliwa na kutu, imejaa vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Shafti iliyokaa juu yake ilikuwa ikiyumba, ndiyo sababu ya mlio. Pete ya shaba ya gia ya tatu fundi aliibana kwa kidole juu ya mahali pake, akanionyesha kwamba hapakubaki mwanya kati yake na meno ya gurudumu. Palipostahili kuwa na mwanya palikuwa pameisha kwa kulika. Na springi moja ilikuwa imekatika vipande viwili. Hivyo kati ya vipande vyote vilivyojaa chumba, vilivyokufa vilikuwa vitatu. Baba mdogo aliingia, akaitia beringi kiganjani, akaigeuza, akasema, "Hiki ndicho kilichotaka kula gari langu?" Hatukumjibu, wala yeye hakungoja jibu.

Katika ukingo wa beringi pamechongwa namba. Watu wengi hawajui kwamba beringi hutengenezwa kwa vipimo vilivyokubaliwa, na namba ile ni kama jina lake. Mwenye duka la mbali akiisoma atatoa iliyo sawa, hata kama hajui itaingia katika gari gani. Kijana aliinakili namba mara mbili, tukaituma Mwanza pamoja na habari za pete na springi, na siku ya nane vitu vikafika kwa basi. Bei ya vyote vitatu, pamoja na nauli, haikufikia bei ya mbuzi wawili.

Kufunga kulianza siku ya tisa, nayo ilikuwa Jumamosi. Fundi hakuipiga beringi mpya. Aliitia katika sufuria ya mafuta, akaiweka juu ya mkaa mpaka ikapata joto na kutanuka, kisha akaivika, ikaingia bila nguvu. Ilipopoa ikabana yenyewe. Gasketi twalizikata kwa karatasi ngumu, tukiilaza juu ya ukingo wa sanduku na kugonga polepole kwa nyundo ndogo mpaka karatasi ikakatika sawa na chuma. Kijana alisoma daftari lake kutoka mwisho kurudi mwanzo, na fundi akapokea kila kitu kutoka dirishani kurudi mlangoni. Mara moja fundi alitaka kukivika kipande kimoja, kijana akasema, "Samahani, mzee, kile chenye mkwaruzo ndicho cha mbele." Fundi akatazama, akakigeuza, wala hakusema neno; ila tangu hapo alimwita "fundi mdogo".

Kabla ya kufunika, fundi alizungusha kila gia kwa mkono. Nami nikawaita wanafunzi wachache waliokuwa wakichungulia uani, kwa kuwa juma lile tulikuwa katika somo la uwiano, nao hawakulipenda. Twalipaka alama ya chaki juu ya shafti ya kuingilia na ya kutokea. Gia ya nne ikitiwa, alama zilizunguka pamoja. Gia ya pili ikitiwa, ile ya kuingilia ilizunguka mara mbili na zaidi kidogo kwa moja. Katika gia ya kwanza walihesabu mara tatu na zaidi kidogo ya theluthi mbili. Nikawapa hesabu za kitabu cha gari hilo: gia ya kwanza ni 3.68, ya pili 2.22, ya tatu 1.50, ya nne 1. Nyuma ya sanduku hilo kuna sanduku la pili dogo lenye mwendo mkubwa na mwendo mdogo. Ule mdogo ni 2.35. Na difu huzidisha kwa 4.7. Nikawauliza, "Gari likiwa katika gia ya kwanza na mwendo mdogo, injini itazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja?" Wakazidisha 3.68 kwa 2.35, kisha kwa 4.7, wakapata karibu mara 41. Msichana mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana hupanda mlima likitambaa kama kinyonga!" Somo ambalo ubaoni lilikuwa limetushinda siku tatu liliwaingia kwa muda mfupi, kwa sababu lilikuwa na uzito na lilichafua mikono.

Siku ya kumi twalirudisha sanduku mahali pake, tukatia mafuta mapya ya gia, karibu lita moja na nusu katika sanduku kubwa na karibu mbili na nusu katika lile dogo. Alasiri baba mdogo akaliwasha mwenyewe. Akapanda nalo mlima wa nyuma ya shule kwa gia ya pili, akarudi, akapanda kwa ya tatu. Twalisimama njiani kusikiliza. Injini ilisikika, na mawe chini ya magurudumu. Mlio ule haukusikika, wala mkono haukuruka. Jioni lori la chakavu likaja. Baba mdogo alimkaribisha mgeni, akampa kiti na kinywaji, akamwambia gari haliuzwi. Kisha akaingia ndani akatoka na ile beringi mbovu, akamwekea mkononi, akasema, "Chukua, ndicho kilichokufa." Mgeni alicheka sana, akaichukua.

Mvua zilianza katikati ya Oktoba. Usiku mmoja wa Novemba gari lile lilimpeleka mke wa jirani yetu Kakonko, akiwa na uchungu tangu mchana, na njia ikiwa matope matupu. Alijifungua salama. Sisemi kwamba kazi yetu ilimwokoa. Wakunga ndio waliomhudumia. Nasema tu kwamba alifika, na kwamba mwezi mmoja kabla yake gari lililomfikisha lilikuwa limekwisha kuhesabiwa kilo zake.

Basi, ndugu wasomaji, nimalize kwa mashauri machache. Kwanza, gari likivuka maji mengi, mafuta ya sanduku la gia na ya difu yafunguliwe yatazamwe siku ile ile. Yakiwa na maji yamwagwe, ijapokuwa bei yake yauma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pili, mlio mpya ni habari, usiuzoee. Sikiliza ni gia gani ilialo na ni ipi inyamazayo, uyaandike, maana fundi mwema atafurahi kuambiwa hayo kuliko kuambiwa, "Gari bovu." Tatu, si kila sanduku lafaa kufunguliwa nyumbani. Meno yakivunjika, au shafti ikipinda, au pakihitajika mashine ya kukandamiza na vipimo vidogo sana, lipelekwe kwa wenye vyombo. Na pasipo mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, afadhali lisiguswe. Nne, palipo na mizigo ya kuinua, maisha ya watu ni mbele ya gari.

Tena nina neno kwa waalimu wenzangu. Wazee wetu wa Buha walijua kuyeyusha mawe wakapata chuma, na kukifua wakapata majembe. Hawakuona chuma kuwa kitu cha siri. Sisi twakinunua kimekwisha kufungwa, na watoto wetu hukua wakidhani kwamba walioviweka vitu ndani ya masanduku ni watu wa aina nyingine. Tukipata nafasi ya kuwafungulia saa mbovu, pampu ya baiskeli au redio isiyosema, tuwafungulie, nao waandike kila kitu kilikotoka. Ndugu yangu yule wa daftari sasa hufuatana na fundi mzee kila aitwapo kazini, na watu wa nyumbani hawasemi tena habari za kichwa chake. Daftari lile amelihifadhi. Jingine amelianza, na ukurasa wake wa kwanza umechorwa pampu ya maji ya mashine ya kusaga ya kijiji chetu, iliyokuwa imelala bila kazi tangu kiangazi.